Kuku Aliyedonoa Sakitu

Umm Salal, Qatar
18 Aprili 2005

Dada Shani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kabichi na kuku na yule mbuzi wako mwenye kiburi. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inaumwa, na dawa yake iko huko kwako Kwemzindo, kwa hiyo kaa chini usome polepole. Nakuandikia kwa sababu simu haitufai. Wewe ukipanda kilimani kutafuta mtandao, ukiupata unagombana nao, na mimi salio linakwisha kabla hujafika kwenye salamu.

Nimeposa. Usipige kelele, majirani watadhani kuna msiba. Anaitwa Mwanahamisi, ni wa Unguja, na tunafanya kazi nyumba moja. Yeye analea watoto, mimi nawapeleka shule. Anakaa kiti cha nyuma pamoja nao, na mimi namtazama kwenye kioo. Siku moja nilimtazama mpaka nikakwaruza lango. Madam akauliza imekuwaje, nikasema jua limenipiga machoni.

Hapa Qatar mwenye kauli juu yake ni kaka yake, Nassoro, mpishi wa hoteli. Anakaa Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha, na Wazanzibari wenzake, katika fleti ambayo kila Ijumaa inageuka baraza. Basi Ijumaa iliyopita nikavaa kanzu, nikachukua madereva wenzangu wawili wawe wazee wangu, tukapeleka posa. Tukapokewa vizuri sana. Pilau, kachumbari, maneno matamu. Nassoro akanihoji kwa upole kazi yangu, dini yangu, watu wangu, na kila jibu lilimkaa. Nikajua nimeshapita. Ndipo akaniuliza, mazungumzo tu ya kusubiri chai, "Na huko kwenu kukoje?"

Dada, mtu mwenye akili angesema "Lushoto, pazuri," akaendelea kutafuna. Lakini nje kulikuwa na vumbi na joto la kupasua midomo, na mimi mwaka wa nne huu sijaiona asubuhi ya kwetu. Nikafunguka. Nikawaambia kwetu kipupwe kikianza kuna asubuhi moja unaamka na kila kitu kimenyamaza. Majogoo wenyewe wanachelewa. Unafungua mlango, bonde lote ni jeupe. Nyasi nyeupe, uzio mweupe, hadi kinyesi cha ng'ombe kimependeza. Ukikanyaga, majani yanalia chini ya mguu kama unatafuna kaukau. Hakuna upepo, hakuna ndege. Halafu jua linachungulia juu ya misonobari, bonde linawaka lote kwa mara moja, na kabla hujamaliza kumwita mwenzako aje aone, imekwisha, imekuwa maji. Nikasema hiyo ndiyo sakitu ya kwanza, na kwamba sijawahi kutaka kumwonyesha mtu kitu kama ninavyotaka kumwonyesha Mwanahamisi kile.

Nassoro akasema, "Sakitu ndiyo nini?"

"Umande ulioganda."

"Wapi?"

"Kwetu. Mkoa wa Tanga."

"Tanga hii ya nazi? Hii inayotazamana na Pemba?"

Fleti nzima ikaangua kicheko. Mmoja akasema kwao hawana sakitu lakini sakafu wanayo. Mwingine akauliza kama dubu wa Tanga wanasali. Nassoro peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Bwana Harun, kila kitu chako nimekipenda. Lakini mtu akinidanganya habari ya hali ya hewa, jambo ambalo halimpi faida yoyote, je, yenye faida? Dada yangu simpi mwongo. Niletee picha ya hiyo sakitu kabla ya Ramadhani. Ikija, nakupa mke. Isipokuja, tubaki tunaamkiana."

Kwa hiyo dada, nakuomba kwa jina la mama. Mwezi wa sita asubuhi ya kwanza bonde likiwa jeupe, mwite Salim mpiga picha wa Lukozi, apige picha moja tu. Maisha yangu yako mikononi mwako na mwa Salim, na mwa Salim ndimo mnamonitia wasiwasi.

Mdogo wako,
Harun

---

Kwemzindo, Shume
10 Mei 2005

Mdogo wangu Harun,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili shemeji yako asikie. Amekusalimia. Hilo ndilo neno alilosema wiki hii, jivunie.

Kwanza hongera. Nimefurahi mpaka nimemwagia maji jiko. Mwanahamisi nampenda tayari, kwa kuvumilia dereva anayekwaruza malango.

Pili, wewe una wazimu. Mwanamume anakwenda kuposa, anaulizwa kwao, anataja kinyesi cha ng'ombe! Ungetaja matunda damu. Ungetaja mapeasi, msikiti mpya, hata mimi ungenitaja. Umeacha mazuri yote ukaenda kuchukua sakitu.

Na huo uzuri unaousema, Harun, uliuona kwa sababu wewe ulikuwa unasimama mlangoni umejifunika blanketi langu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kisimani miguu mitupu. Sakitu ikiondoka, unajua inaacha nini? Majani ya viazi meusi, yamelala chini kama yamechemshwa. Na mwaka huu, sikiliza vizuri, nimepanda viazi bondeni, kule chini kabisa kwenye udongo mzuri, pale pale sakitu inapopenda kukaa. Viazi hivyo ndivyo vitakavyotuvusha mwaka. Kwa hiyo kila baada ya swala mimi ninamwomba Mungu asilete sakitu, na wewe huko unamwomba ailete. Tunampa kazi.

Hata hivyo Salim nimemwona gulioni. Nikamweleza. Akafikiri sana, akaniuliza kama siwezi kuichota hiyo sakitu kwenye sinia nimpelekee studio, kwa sababu kule mwanga ni mzuri na ana pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Huyo ndiye aliyeshika maisha yako.

Nitajaribu. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya viazi na shemeji yako Nassoro, usinilazimishe nichague.

Dada yako,
Shani

---

Umm Salal
2 Juni 2005

Dada Shani,

Viazi! Mimi nazungumza habari ya mke, wewe unazungumza viazi!

Samahani. Nimerudia kusoma, nimeelewa. Viazi ni chakula chenu. Basi nakuomba kona moja tu, dada. Pale juu karibu na makaburi hakuna kilichopandwa. Mwombe Mungu vizuri, umwelekeze: bondeni hapana, makaburini ndiyo.

Hapa joto limeshakuwa la kuchekesha. Ukishika usukani bila kitambaa unaacha ngozi. Juzi nilirudi kutoka sokoni na mifuko ya samaki, nikafungua friza kubwa ya stoo kuwaweka, na ukingo wote wa friza umejaa ule weupe. Nikauinamia. Nikafumba macho, nikanusa. Dada, ilikuwa kwetu kabisa, ukiondoa harufu ya kamba wabichi. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nikasikia nyuma yangu, "Ya Harun! Shinu hada?" yaani nini hiki? Madam amesimama na mama mkwe wake, na mimi kichwa changu kimo ndani ya friza. Nikasema natafuta samaki hamour. Hamour nilikuwa nimemshika mkononi.

Habari zikafika Fereej Bin Mahmoud kabla ya Ijumaa. Nassoro akasema, "Kumbe ile sakitu yake kaitoa kwenye friza ya Mwarabu." Na kuna jamaa mmoja pale, Hamisi, Mpemba, fundi viyoyozi, ameanza kumletea Nassoro halua. Hajasema kitu, analeta halua tu. Nimepata wasiwasi na halua hiyo.

Mwanahamisi jana aliniuliza kupitia kioo, watoto wakiwa wamelala, "Harun, tuwe wakweli, iko?" Nikasema iko. Akacheka, akatazama nje. Sijui kile kicheko kilikuwa cha nini. Nampenda, dada. Nikimkosa kwa sababu ya umande sitajisamehe, wala umande sitausamehe.

Harun

---

Kwemzindo
21 Juni 2005

Mdogo wangu Harun,

Sakitu ilikuja. Picha ndiyo hiyo. Ile nyeupe ndiyo sembe, nakusudia sakitu, mkono umeteleza.

Mpe Nassoro aitazame kwa mbali kidogo, picha za Salim hupendeza kwa mbali.

Sisi wazima. Wiki hii tunakula ndizi na viazi vya akiba, usiulize kwa nini. Shemeji yako amekataa kusema lolote juu ya picha, lakini hiyo ni kawaida yake.

Shani

---

Umm Salal
9 Julai 2005

Dada,

Nakuuliza swali moja, na nakuomba jibu la mtu mzima. Ile ilikuwa nini?

Nilipoipata picha nililia. Kabichi zimefunikwa weupe, ardhi nyeupe, na wewe pembeni umesimama umekunja uso. Nikaipeleka Ijumaa ndani ya bahasha, nimevaa kanzu ile ile. Fleti imejaa. Nassoro akafuta mikono, akaishika, akaitazama. Dada, niliuona uso wake unalegea. Nakuapia, alikuwa anakaribia kuniita ndugu. Akasema, "Basi kweli?" Wenzake wakainuka kuja kuona. Nikaanza kuhesabu nyumbani nani nimwalike.

Halafu Hamisi wa halua akaweka kidole kwenye kona ya picha. "Na huyu?"

Kuku, dada. Yule kuku wako mwekundu asiye na mkia. Amesimama nyuma ya kabichi na kichwa chini, anadonoa sakitu. Na ukimtazama vizuri, mdomoni ana nyingine.

Nassoro akauliza taratibu, "Harun, kuku wa kwenu wanakula barafu?"

Nikasema labda ana kiu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nassoro mpishi, ameshika unga tangu ana miaka kumi. Akaisogeza picha machoni, akaniambia, "Hii sembe. Na haikuchungwa vizuri, ina mabonge." Fleti ikavunjika mbavu. Mtu mmoja alitoka nje kwenda kuchekea kwenye ngazi. Tangu siku ile jina langu Doha nzima ni Harun Sembe. Nimepita jana kituo cha mafuta Al Wukair, mbali na watu wote, jamaa simjui akaniita, "Sembe, hujambo?"

Hayo ningeyabeba. Lakini Nassoro alinisindikiza mpaka mlangoni, na hakuwa anacheka. Akasema, "Uongo wa mdomo ningeusamehe, mtu akikumbuka kwao hutia chumvi. Wewe umekaa ukapanga." Akafunga mlango. Na Mwanahamisi sasa anakaa upande ambao kioo hakifiki.

Umenimaliza, dada. Ungeniambia tu kwamba haikuja. Na jambo linalonitisha zaidi ni kwamba jana nilijaribu kuikumbuka ile asubuhi ya utotoni, bonde na misonobari, na katikati yake nikaona kuku anadonoa. Labda haikuwepo kamwe. Labda niliota.

Harun

---

Kwemzindo, Shume
23 Julai 2005

Kwa Bwana Nassoro,
Fereej Bin Mahmoud, Doha

Assalaam alaykum. Hunijui. Mimi ni Shani, dada wa Harun, yule mwanamke aliyekunja uso kwenye picha ya kabichi. Barua hii inakujia kwa mkono wa jamaa wa Lukozi anayerudi kazini Doha, kwa sababu posta ingechelewa na mimi nimechelewa vya kutosha.

Unga ni wangu. Mabonge pia ni yangu. Kuku ni wangu, na nimeshamchinja. Harun hakujua lolote. Ukitaka kumnyima dada yako, mnyime kwa kosa lake mwenyewe. Anayo, nitakutajia ukipenda: anakoroma, anakula kwa kelele, na akiwa mdogo alimfundisha kasuku wa jirani kunitukana. Lakini mpangaji wa uongo si yeye.

Nakueleza ilivyokuwa. Nilipanda viazi bondeni. Jioni ya kuamkia sakitu sisi watu wa huku tunaijua: mbingu inakuwa safi mno, upepo unakufa, na pua inauma. Nikajua inakuja. Ningemwita Salim na kamera yake. Badala yake niliwaita majirani, tukarundika mabua mabichi kuzunguka shamba tukayawasha, moshi ukalala juu ya viazi kama blanketi. Hiyo ndiyo dawa yake. Salim alifika asubuhi kwa hiari yake, maana alisikia kuna moshi akadhani kuna harusi. Akapiga picha. Ilitoka moshi mtupu, na katikati yake mguu wa shemeji yake Harun, yaani mume wangu.

Viazi vilipona. Nikaketi nikafikiri habari ya mdogo wangu niliyemlea tangu mama alipofariki, na ambaye katika maisha yake ameniomba kitu kimoja. Nikachukua sembe.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Harun sijamwambia. Asubuhi ile, moto ulipokwisha, nilipanda mpaka makaburini kupumua. Moshi haukufika kule. Sakitu ilikuwa imelala juu ya makaburi yote, la mama na la baba, na juu ya kila jani. Miaka yote hii nilikuwa naipita mbio nimebeba ndoo. Siku hiyo sikuwa na ndoo. Nilisimama. Ilikuwa nzuri, Bwana Nassoro, nzuri mpaka nikamkasirikia Harun kwa kuwa aliiona kabla yangu. Nikatamani kumwita mtu, na jua likaja.

Hivyo iko. Picha sina. Na baada ya kuku yule, hata ningekuwa nazo mia usingeamini hata moja, nami nisingekulaumu. Basi njoo mwenyewe. Harun aliwahi kuandika kwamba Agosti hoteli zenu hazina wageni na wapishi mnapewa likizo. Sakitu za mwisho huja Agosti. Ukifika Mombo panda gari la Lukozi, ukishuka uliza kwa Shani wa viazi. Usipoikuta, nitakuandikia kwa mkono wangu kwamba sisi sote ukoo mzima ni waongo, ukabandike ukutani kwenye fleti yenu.

Njoo na sweta.

Shani

---

Kwemzindo, Shume
13 Agosti 2005

Bwana Harun,

Assalaam alaykum. Usishituke kwa anwani. Ndiyo, niko kwenu. Likizo yangu ilikuwa ya Unguja, lakini barua ya dada yako ilinikalia rohoni, na mie si mtu wa kuambiwa "njoo uone" nikakaa. Nikavuka bahari, nikaja na kamera yangu mwenyewe ya kutoka Doha, ili nikupigie picha ya hakuna.

Nimefika juzi. Sweta sikuleta, kwa sababu mkoa wa Tanga nauona kwetu kila siku mbingu ikiwa safi na sikupata kuona mtu kavaa sweta. Nimevaa la dada yako, la kijani, lenye maua. Usimwambie mtu.

Taarifa yangu ni hii. Baridi ipo, hilo nalikubali, maana mswaki unaumiza meno. Chakula kizuri. Dada yako ananichamba kutwa nzima na kunikirimu kwa wakati mmoja, sijui anafanyaje. Shemeji yako nimezungumza naye siku mbili na sikumsikia. Lakini sakitu, bwana, hakuna. Juzi umande, jana umande. Umande kwetu pia upo. Kesho kutwa naondoka, na posa yako nitakuwa nimeijibu.

15 Agosti

Naendelea na barua ile ile, sijataka kuichana, ni haki yako kuisoma.

Leo alfajiri nimetoka kutia udhu. Ndoo iko nje. Nikaingiza mkono, mkono ukagonga kitu. Nikadhani mtu kaweka kioo juu ya ndoo. Nikakigonga tena, kikavunjika, kikanikata kidole. Nikatawadha hivyo hivyo huku naita majina yote ya Mwenyezi Mungu. Nikasali ndani. Nikatoka tena kumtafuta dada yako nimuulize habari ya ndoo, na kumekucha.

Harun, sikiliza. Mie nimepika miaka ishirini. Nimeona sukari ya unga ikinyunyiziwa keki za masheikh, nimeona barafu zikichongwa zikawa ndege na farasi kwenye meza za harusi, watu wanapiga makofi. Sikupata kuona kitu kama kile. Na hakuna aliyekitengeneza, wala hakuna aliyekuwa akikitazama, ila mie na ng'ombe. Nikaweka mguu, nyasi zikalia, nikaurejesha mguu kwa kuona haya, kama nimekanyaga mkeka wa mtu. Kimya kile ulichokisema ndicho hicho. Nikasikia moyo wangu wenyewe. Nikamkumbuka marehemu mama, sijui kwa nini, hakupata kufika huku. Nikalia. Ukimwambia mtu nitakataa.

Jua likaja kama ulivyosema, bonde likawaka, na sakitu ikaisha.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu muda wote.

Nimeikumbuka maji yakianza kudondoka. Nikapiga harakaharaka. Nimepiga nyasi mbichi zilizorowa, na dada yako yuko nyuma anashika mbavu kwa kicheko.

Habari ya posa haiandikwi, huzungumzwa uso kwa uso. Tutaonana Doha.

Nassoro

---

Umm Salal
1 Oktoba 2005

Wifi yangu Shani,

Umeona nilivyoanza? Basi furahi, huo ndio mwanzo na ndio habari yenyewe. Jana Ijumaa tumefunga ndoa, Ramadhani ikiwa mlangoni. Madam katupa chumba cha uani na Harun kakipaka rangi nyeupe, bila ya kuniuliza.

Nataka nikueleze ilivyotokea, kwa sababu Harun atakuandikia kishujaa na kaka yangu hatakuandikia kabisa.

Nassoro aliporudi aliificha habari siku kadhaa. Ijumaa watu walipojaa fletini, naye ameshapakua, akashindwa kujizuia. Akaanza kusimulia. Nilikuwepo, nimekuja na birika la chai, nikasimama nalo. Akasimulia ndoo, akasimulia nyasi, mikono inakwenda juu, macho yanamng'aa. Wifi, kaka yangu hajawahi kusimulia kitu zaidi ya namna ya kukaanga vitunguu. Akamaliza.

Hamisi akauliza, "Picha iko wapi?"

Nassoro akatoa picha. Nyasi zimerowa, na wewe unacheka.

Nilidhani dari litaanguka. Wakampigia meza. Wakamwita Nassoro Sembe, wakasema Harun kaenda kumnunua mpaka kwao. Mtu akauliza kama kuku alikuwepo. Nassoro akaapa wallahi, billahi, wakazidi. Akapiga kifua, "Mie? Mie muongo? Miaka yote mnanijua!" Wakasema Tanga, Nassoro? Tanga ya nazi? Maneno yake yale yale.

Harun amekaa karibu na mlango, anakula. Nassoro akamgeukia, "Harun, waambie!" Harun akatafuna, akameza, akasema, "Mimi nilishasema, nikafungiwa mlango. Sina neno." Akachukua nyama nyingine. Nilimpenda sana wakati ule.

Kaka yangu akavimba mpaka shingo. Akasimama akanyoosha mkono kumwelekea Harun, akapiga ukelele wa kusikika barabarani, "Kama hamniamini mie, muulizeni shemeji yangu! Shemeji, sema!"

Wale madereva wawili, wazee wa posa, walikuwa pembeni wameshika vikombe vyao. Mmoja akaweka kikombe chini. "Amesema nini?" Mwenzake akasema, "Amesema shemeji. Mara mbili. Watu wamesikia." Na papo hapo wakainua mikono wakaanza Al-Fatiha ya kufunga posa, fleti nzima ikaitikia, hata Hamisi. Nassoro mdomo uko wazi. Akamtazama Harun, akanitazama mie na birika langu, akainua mikono naye.

Baadaye aliniambia jikoni, "Afadhali. Ni mtu pekee Doha hii anayejua kuwa sisemi uongo. Huyo simwachi akaenda kwa watu."

Sasa wifi, tumebaki wanawake wawili, na barua hii naifunga kwa gundi. Harun anaisimulia sakitu kila siku, na kaka yangu siku hizi anamsaidia, wanakatizana. Mie naitikia, natikisa kichwa. Tangu siku ile nilipomuuliza kwenye gari sikuamini hata chembe. Niliona tu mwanamume anayepakumbuka kwao mpaka akapazulia uongo mzuri kiasi kile, nikasema huyu hatanichosha, na nikamkubali na uongo wake. Mie nimeolewa na Harun, sikuolewa na hali ya hewa.

Lakini mwakani tunakuja likizo mwezi wa sita, kaniapia tutakuja. Kwa hiyo niambie kweli nisije nikaaibika mbele ya mume wangu: nibebe sweta, au nibebe unga?

Wifi yako,
Mwanahamisi